Njia za Faili katika Lugha ya C: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza namna kompyuta inavyopanga faili ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine, hata kufikia mzizi wa zote unaoandikwa kwa mkwaju mmoja. Leo tumekusudia kubainisha, kwa manufaa ya vijana wa Urambo na Tabora wanaojifunza lugha ya C, jinsi ya kutunga fanksheni inayopokea njia iliyoandikwa na mtu na kurejesha mahali hasa faili ilipo.

Mwaka 1871, msafiri aliyekuwa Tabora akitaka kwenda Ujiji angeweza kuichora safari yake kuelekea magharibi, ikapita Urambo, na mchoro wake usiwe na kosa. Lakini Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ile kwa vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, na Stanley, aliyekuwa akienda Ujiji, hakuwa na budi kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Njia ya faili nayo iko vivyo hivyo: kuna ilivyoandikwa, na kuna ilivyo katika diski, na fanksheni isiyotofautisha mawili haya humpoteza anayeitumia.

Natutwae mfano. Chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku kimeweka hesabu zake katika /urambo, na humo mna jina msimu, ambalo si folda bali ni kiungo kinachoelekeza /tabora/ghala/2023. Karani anaandika /urambo/msimu/../risiti, akijua kuwa nukta mbili humrudisha nyuma hatua moja. Fanksheni inayotazama maandishi tu itaondoa msimu pamoja na nukta zile, itoe /urambo/risiti. Ilhali mfumo wa Unix hukifuata kwanza kiungo hata 2023, ndipo urudi nyuma, ukafika /tabora/ghala/risiti. Swali ni moja, majibu ni mawili, na karani huenda akafuta hesabu asizozikusudia.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kugawa kazi. Iwepo fanksheni moja, tuseme njia_safisha, inayoondoa mikwaju iliyorudiwa katikati ya njia, isiguse diski wala nukta mbili; na nyingine, njia_tatua, inayoiuliza diski na kufuata viungo.

Sharti la pili ni mwanzo wa safari. Njia isiyoanza na mkwaju huhesabiwa kutoka folda ambamo programu inafanya kazi wakati ule, na folda hiyo yaweza kubadilishwa na sehemu nyingine ya programu bila ya mwenzake kupata habari. Basi folda ya kuanzia na ipokelewe bayana, iwe hoja ya kwanza, kama ilivyo katika openat.

Sharti la tatu ni amana ya kumbukumbu. Fanksheni mashuhuri ya realpath hupokea nafasi ya kuandikia jibu bila kuambiwa ukubwa wake, jambo lenye hatari dhahiri. Ndiyo maana kanuni za POSIX za mwaka 2008 ziliruhusu mwitaji apeleke NULL, fanksheni itenge nafasi yenyewe, na mwitaji aiachilie kwa free amalizapo. Anayetunga fanksheni yake na achague mojawapo, ama kupokea nafasi pamoja na ukubwa wake, ama kutenga mwenyewe, na aandike wazi ni nani mwenye dhamana ya kuiachilia.

La nne ni kutaja sababu ya kushindwa. Faili isiyokuwapo ni ENOENT, folda isiyoruhusiwa kupitwa ni EACCES, na viungo vinavyozungukana ni ELOOP, kosa ambalo Linux hulitoa vikizidi 40. Mwenye kurejesha NULL tupu bila sababu humwacha mwitaji akikisia, na programu inayohifadhi jasho la wakulima haistahili kuendeshwa kwa kukisia.

Hata hivyo njia iliyotatuliwa vyema yaweza kugeuzwa na programu nyingine kabla faili haijafunguliwa. Hilo, Inshallah, ndilo tutakalolieleza katika sehemu ya tatu.