Tusimwache mtabiri wa mvua akinyeshewa

MKULIMA wa Bungoma hatii mbegu udongoni kabla ya kuuliza mvua itaanza lini. Mvuvi wa Ziwa Victoria, rubani anayejiandaa kuruka kutoka Mombasa na mfugaji wa Marsabit anayetafakari kuhamisha mifugo yake, wote hutega sikio wasikie jibu la swali hilo hilo. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, huyo tunayemtarajia atujibu alisomeshwa na nani? Na yule aliye darasani hivi leo, karo yake inatoka wapi?

Swali hili si la mzaha. Tangu vuli ya mwaka wa 2020 hadi ile ya 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo pasipo mvua ya kutosha katika maeneo kame ya nchi yetu. Mwishoni mwa 2023 tulibishana iwapo El Nino ingefika au la. Mafuriko yakaja, yakaua na kubomoa. Masika ya 2024 ilipowadia, mito ilivunja kingo zake, na alfajiri ya Aprili 29 wakazi wa Mai Mahiu walisombwa na maji wakiwa usingizini. Kila baada ya janga twasikia kwamba taifa lahitaji wataalamu zaidi wa kutoa tahadhari mapema. Wataalamu hao hawaoti kama uyoga.

Elimu ya hali ya hewa imejengwa juu ya hisabati na fizikia. Mwanafunzi husoma jinsi joto, unyevu na mkandamizo wa hewa unavyozaa upepo na mawingu, kisha hujifunza kuyaeleza hayo kwa milinganyo na kwa tarakilishi. Nao utumishi wenyewe hauna usiku wala sikukuu. Vituo vya dunia nzima hurusha puto zenye ala za kupimia anga kwa wakati mmoja, ambao kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri. Wengi wetu tukiwa tumejifunika blanketi, kuna mtu aliye macho akisoma takwimu kwa niaba yetu.

Kenya haikosi mahali pa kuwafunzia watu hao. Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na chuo cha mafunzo cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kilichoko Dagoretti Corner, vinatambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) kuwa kituo cha mafunzo cha kanda. Kwa miaka mingi wanagenzi kutoka mataifa mengine ya Afrika wamekuja kusomea hapa. Aidha, ni katika jiji hili ambapo kituo cha kuchunguza ukame kilianzishwa mwaka wa 1989, kile ambacho baadaye kilikuja kuwa chini ya IGAD. Marehemu Profesa Laban Ogallo, aliyekiongoza kituo hicho na kufundisha katika chuo kikuu hicho hicho, alidhihirisha kwamba Mwafrika anaweza kuisoma anga ya bara lake akaheshimiwa ulimwenguni kote.

Kisima basi kipo. Taabu iko kwenye kata ya kuchotea.

WMO hutoa ufadhili wa masomo, na mataifa kadhaa, China ikiwa mojawapo, hushirikiana nalo kuwapokea wanafunzi katika vyuo vyao. Lakini ombi hupitia kwa mwakilishi wa kudumu wa nchi katika shirika hilo, ambaye kwetu ni mkurugenzi wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Barua ya mwanafunzi iliyotumwa moja kwa moja hadi Geneva haifui dafu. Utaratibu huu una busara yake, kwani unalenga kuimarisha idara za serikali na kuhakikisha kwamba aliyesomeshwa anarudi nyumbani kutumika. Hata hivyo, unamfaa zaidi aliyekwisha kuajiriwa. Binti aliyetoka shule ya upili akiwa na alama nzuri za fizikia, lakini asiye na mtu wa kumlipia, bado yuko mbali na mlango huo.

Binti huyo hubaki na mifuko ya jumla. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, humkopesha kama inavyowakopesha wenzake wa masomo mengine. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023 ulichanganya msaada na mkopo, na kipimo chake kikubwa kikawa uwezo wa jamaa ya mwanafunzi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Mawakili wakivutana mahakamani, mwanafunzi naye huhesabu siku zilizosalia kabla ya mtihani.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wakili huuza ushauri wake. Daktari akipenda hufungua zahanati. Mtabiri wa hali ya hewa hana duka la kuuzia utabiri. Neno lake hutangazwa redioni bure, akalisikia tajiri na maskini. Mwajiri wake mkuu ni umma. Basi mkopo anaourudisha na riba ni deni alilolichukua ili atutumikie sisi. Je, ni haki tumwachie mzigo huo peke yake?

Kuna watakaosema kwamba wauguzi na walimu pia wanahitajika, na kwamba hazina haina kitu. Ni kweli. Lakini wanaosomea fani hii ni wachache mno wakilinganishwa na hao, na gharama ya kuwasomesha ni ndogo ikipimwa na ya daraja moja lililosombwa.

Kwanza, serikali kuu na zile za kaunti zingeweza kuwalipia wanafunzi wachache kila mwaka kwa mapatano kwamba watatumika kaunti kwa muda maalumu. Idara tayari ina wakurugenzi wake katika kaunti. Watu wa kuwasaidia ndio wa kutafutwa. Pili, wanaofaidika na utabiri wachangie. Kanuni za kimataifa za usafiri wa ndege zinaziruhusu nchi kuyatoza mashirika ya ndege kwa huduma za hali ya hewa. Sehemu ya fedha hizo ingeweza kutengewa masomo. Kampuni za umeme na za bima nazo zisijifiche. Tatu, habari za ufadhili zibandikwe mapema katika kila bewa ambako somo hili hufundishwa, zikiwa na masharti na tarehe za mwisho, badala ya kunong'onwa katika ofisi.

Nanyi walimu, hamna budi kusaidia. Kwa miaka mingi tumewafunza wanafunzi wetu wa Jiografia majina ya ala za kupimia hali ya hewa, wakayakariri na kuyasahau. Kipimamvua kinaweza kutengenezwa kwa chupa na rula. Mwanafunzi anayeandika kila asubuhi kiasi cha mvua iliyonyesha shuleni ameshaanza kuwa mwanasayansi, na siku atakapoomba ufadhili atakuwa na la kusema zaidi ya shida za kwao.

Wanafunzi, msiikimbie fizikia kwa sababu ya uvumi kwamba haina mkate. Nasi wakubwa tuhakikishe kwamba uvumi huo unabaki kuwa uvumi. Akiba haiozi, na akiba iliyo bora kabla ya gharika ijayo ni kijana aliyesomeshwa akahitimu, akawa macho saa tisa za usiku.