Mtoto wa Mji Mkongwe na wimbo wa mwenye ukoma



Ukipita Shangani, Mji Mkongwe, utakuta wageni wakipiga picha mbele ya nyumba ambayo tangu mwaka 2019 ni makumbusho ya Freddie Mercury. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa hapa Unguja Septemba 5, 1946, katika familia ya Waparsi wa dini ya Zoroaster. Alisomeshwa India, katika shule ya bweni ya Kianglikana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza.

Wengi wanamjua kwa nyimbo zinazoimbwa hadi leo kwenye viwanja vya mpira. Wachache wanajua kwamba katika albamu ya kwanza ya kundi lake, Queen, iliyotoka Julai 1973, upo wimbo alioutunga mwenyewe uitwao “Jesus”. Albamu hiyo ya muziki wa roki ilirekodiwa London katika studio za Trident, kwa saa za mabaki ambazo wanamuziki wenye majina hawakuzihitaji. Humo, kijana aliyelelewa katika dini nyingine anasimulia habari za mwenye ukoma aliyemwendea Yesu.

Fungua Biblia yako, Marko 1:40-45. Kwa sheria ya Walawi 13, mwenye ukoma alikaa peke yake nje ya kambi, na ilimpasa kujitangaza kuwa najisi ili watu wamkwepe. Hata hapa Unguja, wazee wanakumbuka makazi ya wenye ukoma kule Welezo, mbali na mji. Lakini Yesu hakumponya mtu yule kwa mbali. Alinyosha mkono, akamgusa kwanza.

Sasa soma mstari wa 45 polepole. Aliyeponywa anaingia mjini na kuitangaza habari. Yesu ndiye anayebaki nje, mahali pasipo na watu. Wamebadilishana nafasi! Ndiyo maana inafaa kwamba kanisa la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa, na kwa mapokeo, altare yake iko pale uliposimama mti wa kuwachapia. Bwana wetu huenda kusimama mahali pa aliyetupwa.

Miaka 18 baada ya albamu ile, mtunzi wa wimbo wa mwenye ukoma alikuwa mgonjwa. Novemba 23, 1991, alitangaza kwamba ana Ukimwi. Kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Siku moja tu! Zama zile, ugonjwa huo ulimfanya mtu akwepwe kama mkoma wa Walawi.

Leo dawa za kufubaza virusi zipo, na anayezitumia vizuri anaishi na kulea watoto wake. Lakini je, unyanyapaa umeisha? Huenda katika kwaya yako yupo dada anayepanda daladala kwenda kuchukua dawa kituo cha mbali, ili jirani wa kanisani asimwone. Tunamwombea Jumapili, kisha Jumatatu tunanong’ona: “Aliupataje?” Yesu hakumuuliza mwenye ukoma alivyoupata.

Ndugu yangu, si kazi yetu kumhukumu mtoto yule wa Unguja. Hukumu ni ya Mungu. Kazi yetu ni kujiuliza kama mwenye siri nzito angeweza kukaa benchi moja nasi na kuisema mapema, kabla ya siku ya mwisho.

Wiki hii, mtafute mmoja anayekwepwa. Mtembelee, mpe mkono, kula naye. Ukisemwa, kumbuka kwamba Bwana wako naye alibaki nje.