Springi za kushushia gari: hesabu kabla ya kununua

Magari yaliyotumika huletwa Unguja kutoka Japani, na baadhi hufika yakiwa yamekwisha kushushwa huko huko. Mnunuzi wa Kiembe Samaki huvutiwa na umbo. Mfanyabiashara yampasa ainame atazame chini kabla ya kukubali bei.

Springi halisi za kushushia, kama za Tein ya Japani au Eibach ya Ujerumani, ni fupi na ngumu kuliko za kiwandani, na mara nyingi huteremsha gari milimita 20 hadi 40. Ugumu huo una sababu: gari lililoshuka lina nafasi ndogo ya kucheza, na springi laini ingeligongesha kwenye kila tuta. Springi iliyokatwa kwa msumeno ni kitu kingine kabisa. Gurudumu likitumbukia shimoni, huweza kuchomoka katika kikalio chake. Gari la namna hiyo lipunguziwe bei.

Gharama haiishii kwenye springi. Shokomzoba za kawaida huchakaa upesi kwa kazi hiyo, na magurudumu yasipopimwa upya, tairi huliwa upande wa ndani. Jumlisha yote matatu ndipo upange faida.

Ushauri wetu: springi za kiwandani usizitupe. Ziweke stoo, uziuze pamoja na gari. Dereva wa teksi hataki gari linalokwangua matuta. Ukiwa nazo, hata yeye anaweza kuwa mteja wako.