Wageni wa vuli wanaotutoa kitandani Mwatate

NI alfajiri ya Novemba mjini Mwatate, na mvua ya vuli imenyesha usiku kucha. Matatu za mapema ziendazo Voi zimeanza kupiga honi stejini na mama wa mandazi amekwisha kuwasha jiko, lakini mwalimu mstaafu ninayemfuata hataki kusikia habari za chai. Ametundika darubini kuukuu shingoni, ameshika fimbo, na anakaza mwendo kama mtu aliyechelewa kuwapokea wageni.

Naam, ni wageni anaokwenda kuwapokea. Wametoka Ulaya, Urusi na Siberia, na wengine wao hawazidi uzani wa vijiko vitatu vya sukari.

Mimi nilianza safari hizi kwa sababu nyingine. Miezi minane iliyopita nilikwenda kutibiwa kikohozi, muuguzi akanifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akapima, akatikisa kichwa, akapima tena. Shinikizo la damu lilikuwa 168 juu na 102 chini. Kichwa hakikuwa kikiniuma wala sikuwa na kizunguzungu. Msomaji, hivyo ndivyo maradhi haya yanavyotuvizia. Uchunguzi uliofanywa kote nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani.

Nilipewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi na nitembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Vidonge nilimeza. Chumvi niliipunguza, mke wangu akishuhudia. Kutembea nilitembea siku tisa. Nilishika barabara ya kupanda Wundanyi, nikageuka, nikarudi, nikitazama saa kila baada ya hatua mia. Siku ya kumi ilinyesha, na ya kumi na moja nikatafuta sababu nyingine. Nadhani wengi wenu mnaijua hadithi hii.

Mwalimu ndiye aliyeniokoa, naye hakuanza kwa kuniambia habari za afya. Aliniambia tu kwamba mbayuwayu wa Ulaya wamefika na wamejaa kwenye nyaya karibu na bwawa, kama ninataka kuwaona niwe mlangoni kwake kukipambazuka.

Njia yetu hupita kando ya mashamba ya mkonge, milima ya Taita ikiwa imefunikwa na mawingu upande mmoja na nyika ya Tsavo ikianza upande wa pili. Bwawa liko mwendo wa dakika thelathini na tano kwa miguu, na hapo ndipo penye ujanja wa mzee huyu. Kutazama ndege ni kusimama. Unasimama, unainua darubini, unanong'ona, na moyo hupati kazi yoyote. Kwa hiyo Mwalimu amewaweka ndege mwisho wa safari. Kwenda ni mwendo wa kasi, ule wa kuweza kuzungumza lakini usioweza kuimba, na kurudi ni vivyo hivyo, maana njaa inauma. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Sisi tukienda mara tatu tunapata zaidi ya 200, na hakuna anayetazama saa.

Asubuhi hiyo mbayuwayu walikuwa wengi kiasi kwamba nyaya zilionekana kama kamba za kuanikia nguo. Ndege huyu ana gramu 20 hivi, na baadhi yao hawaishii kwetu, wanaendelea hadi Afrika Kusini. Juu ya kijiti alikaa ndege mkubwa kidogo mwenye mabawa ya buluu iliyokolea na mgongo wa rangi ya kahawia, mgeni wa kutoka Ulaya na Asia ambaye huitumia nyika ya Tsavo kuwinda panzi na mende wakati kwao kuna baridi. Keremkerem walipita juu sana, tukiwasikia kabla ya kuwaona. Kwenye tope alitembea yule mdogo atingishaye mkia bila kupumzika, ambaye pwani mtu hukutana naye kwenye kila ufuko tangu Agosti.

Lakini aliyemsimamisha Mwalimu hakuonekana kabisa. Alikuwa ndani ya kichaka akiongea peke yake kwa sauti ya chini, ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, gramu 12 hivi. Huzaa Ulaya, huondoka mwezi Agosti, hupumzika Ethiopia na Sudan, kisha mvua ya vuli ikianza hushuka kupitia kwetu Novemba na Desemba akielekea kusini mwa Afrika. Ni mwigaji hodari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba dume mmoja, kwa wastani, huiga sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni za ndege wa Afrika. Basi Mbelgiji anayemsikia akiimba mwezi Mei anasikia, bila kujua, kipande cha vichaka vyetu.

Habari nyingi za wasafiri hawa zimejulikana kutokana na kazi iliyofanywa jirani, kwenye hoteli ya Ngulia ndani ya Tsavo Magharibi. Ndege hawa husafiri usiku, na ukungu ukitanda bila mbalamwezi huvutwa na taa za hoteli hiyo iliyo mlimani. Tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa huko kwa nyavu, kuwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachilia. Mamia ya maelfu wamevishwa. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, usimshike kwa mkono mtupu. Tumia mfuko wa plastiki, soma maandishi, kisha upeleke habari kwa anwani iliyo kwenye pete au Makumbusho ya Taifa.

Kabla ya safari, baadhi ya ndege hawa hula hadi uzani wao ukakaribia maradufu. Yote hayo ni mafuta, na yote huteketea njiani. Nilimwambia Mwalimu kwamba mimi pia nimejiwekea akiba ya safari, ila safari yenyewe ndiyo sijaifunga. Alicheka mpaka mbayuwayu wakaruka.

Je, ndege wenyewe wana dawa? Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya watu 1,292 waliojibu maswali kwa simu zao mara kadhaa kwa siku. Walioona au kusikia ndege walijisikia nafuu zaidi moyoni, hata wale wenye sonona, na nafuu hiyo iliweza kudumu saa kadhaa. Mimi naamini, ingawa sitaki mtu adhani kwamba mbayuwayu watashusha shinikizo la damu badala ya vidonge.

Na hili nalisema kwa sababu ya Mwalimu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, baada ya kutembea vizuri kwa miezi, aliona amepona akaacha dawa bila kumwuliza daktari. Wiki chache baadaye aliamka mkono wa kushoto ukiwa mzito na mdomo umepinda. Fimbo anayobeba haikuwa ya kufukuzia mbwa. Alipoweza kutembea tena, safari yake ya kwanza ilikuwa hadi kwenye mwembe wa jirani, kusikiliza nani aliyefika.

Anayetaka kuanza basi apimwe kwanza. Ukihisi maumivu ya kifua au pumzi ikikatika, simama na utafute matibabu, usijikaze. Mwenye kisukari atumiaye dawa asitoke na tumbo tupu kama sisi. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na usiingie majini bwawani hata kama ndege yuko ng'ambo, kwani kichocho kimo. Tena kwetu huku mtu hatoki gizani. Tunangoja kupambazuke na tunawauliza wachungaji kama ndovu wamepita usiku. Mara mbili mwezi huo tulirudi kutoka njiani kwa sababu ya kinyesi kibichi barabarani, na Mwalimu, aliyezaliwa hapa, hakubishana hata kidogo.

Saa mbili kasoro tulikuwa kwa mama wa mandazi. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimepimwa, 138 kwa 88. Mwalimu alitoa daftari lake akaandika tarehe, mvua, na majina ya wageni kumi na mmoja. Kwa mbayuwayu nilimwambia nimehesabu 212. Akanitazama juu ya miwani, akaandika "mia mbili hivi", kisha akatoa kidonge kwenye mfuko wa shati na kuomba maji.