Pedali ya klachi kulala sakafuni: Je, masta kubwa ndiyo dawa?

Dereva yuko gia ya pili, injini inalia karibu mizunguko 6,000 kwa dakika. Anakanyaga klachi na kuitafuta gia ya tatu. Gia inakataa, inasaga. Anapoinua mguu, pedali haimfuati, imelala sakafuni.

Kwa wamiliki wa Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird za mwaka 1998 hadi 2002, zile zenye injini ya V8 aina ya LS1 na giaboksi ya mkono ya gia sita, hili si jambo geni. Gari likitembea taratibu mjini, hakuna tatizo. Likipelekwa kwenye mbio za mstari mnyoofu, kasheshe inaanza. Wapo waliobadilisha klachi nzima, wakafunga ngumu zaidi ya ile ya kiwandani, na pedali ikaendelea na tabia yake ileile.

Sababu ni kwamba mara nyingi ugonjwa haukuwa kwenye klachi. Ulikuwa kwenye mafuta yanayoisukuma. Ndipo wengi wakaanza kuangalia kifaa kidogo ambacho ni nadra kutajwa mtu anapojisifia gari lake: masta ya klachi.

Masta inafanya nini?

Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni ndani ya masta ya juu, ile iliyofungwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Pistoni inasukuma mafuta ya breki, yanapita kwenye bomba hadi masta ya chini kwenye giaboksi. Hiyo ya chini ndiyo inayosukuma beringi, na beringi inabonyeza klachi hadi injini na giaboksi viachane.

Kwenye Subaru Impreza WRX au Toyota Chaser zinazopendwa na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam, masta ya chini iko nje ya giaboksi. Fundi anaifikia kwa spana chache. Kwenye Camaro imetengenezwa kama pete, imezunguka shafti ya giaboksi, ndani kabisa, jirani na klachi. Ikivuja, giaboksi inashushwa. Halafu kwa kukaa humo ndani inapigwa na joto na vumbi la klachi muda wote, ndiyo maana mafuta yake huwa meusi mapema.

Kwa nini inagoma kwenye kasi tu?

Katika Camaro hizo, njia ya mafuta ina sehemu iliyobanwa, tundu dogo tu. Si kosa la bahati mbaya. Watengenezaji wengine nao hufanya hivyo, mfano BMW kwenye E46, ambayo ina vali ndogo ya kuchelewesha mafuta. Lengo ni klachi ishike kwa upole hata dereva akiachia pedali kwa pupa.

Dereva wa mbio hataki upole. Anakanyaga na kuachia kwa muda usiofika sekunde moja, na mafuta yote yanatakiwa yaende na kurudi kupitia tundu hilo. Yasipowahi kufika, klachi haiachii vizuri. Yasipowahi kurudi, pedali inabaki chini.

Ongeza joto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu hubonyea. Mguu unashuka, klachi haisikii.

Baadhi ya wamiliki walichukua drili wakalipanua lile tundu. Ni njia ya bei poa na wapo iliowasaidia. Ila ina hatari zake: vipande vidogo vya chuma vikibaki ndani vinachana raba, na kama masta yenyewe inatoa mafuta pungufu, kutoboa hakutaongeza hata tone.

Hesabu ya masta kubwa

Hapa ndipo wauzaji wa vipuri huwa na maneno matamu, kwa hiyo bora kuangalia namba.

Chukulia masta ya juu yenye kipenyo cha milimita 15.87, yaani inchi 5/8. Pistoni yake ikisogea milimita 30, inasukuma karibu mililita 5.9 za mafuta. Ikiwa masta ya chini ina kipenyo cha milimita 20.64, fimbo yake itatoka milimita 17.7.

Weka masta ya milimita 19.05, yaani inchi 3/4. Kwa mwendo uleule wa mguu, mafuta yanakuwa mililita 8.6 na fimbo inatoka milimita 25.6. Ni ongezeko la asilimia 44. Klachi iliyokuwa haiachii vizuri sasa inaachia mapema, na pedali haihitaji kufika chini kabisa.

Lakini hakuna cha bure. Nguvu ya mguu nayo inapanda kwa asilimia 44 ileile. Kama tayari kuna klachi ngumu ya mbio, foleni ya saa moja jioni itageuka mazoezi ya gym. Ndiyo maana kwa gari la matumizi ya kila siku, kupanda hatua moja tu, hadi milimita 17.46, mara nyingi kunatosha: mafuta yanaongezeka kwa asilimia 21, na uzito vilevile.

Hatari nyingine ni kuzidisha. Klachi ina kiwango chake cha kubonyezwa. Fimbo ikienda mbali kupita hapo, vidole vya chuma vya klachi vinapinda au kuvunjika, na kwenye masta ya aina ya pete raba inaweza kutoka kwenye nafasi yake na kumwaga mafuta yote. Anayefunga masta kubwa anapaswa kuweka kizuizi chini ya pedali, ili mguu usimame mahali klachi imeshaachia na si zaidi.

Fimbo ndogo, hasara kubwa

Masta nyingi za kuboresha magari, zikiwemo zilizotengenezewa Camaro hizo, huja na fimbo inayoweza kurefushwa au kufupishwa. Hiki ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko hata kipenyo, na ndicho kinachoharibiwa zaidi.

Ndani ya masta kuna kitundu kinachoruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo pedali ikiwa juu. Fimbo ikirefushwa kupita kiasi, pistoni hairudi mwisho na kitundu kinabaki kimezibwa. Gari likipata moto, mafuta yanatanuka na hayana pa kwenda. Yanaisukuma klachi kidogo kidogo, kana kwamba kuna mguu umewekwa juu ya pedali. Klachi inaanza kuteleza, harufu ya kuungua inajaa, na mwenye gari anaambiwa klachi mpya ni feki.

Dawa ni nafasi ndogo ya kucheza: pedali ikiguswa kwa kidole, isogee milimita chache kabla ya kukutana na pistoni.

Kabla ya kutoa hela

Masta kubwa ni jibu la swali moja tu: mafuta yanayosukumwa hayatoshi kuachia klachi. Kuna mengine yanayofanana nalo.

Gari likiwa limepata moto, simama sehemu tambarare, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha ingiza rivasi. Ikisaga, klachi haiachii. Kanyaga mara mbili au tatu haraka na ujaribu tena. Ikiingia laini, uwezekano mkubwa kuna hewa kwenye mfumo, au raba za masta zimechoka. Hapo kinachohitajika ni kutoa hewa au masta mpya ya saizi ileile.

Shika kitambaa uguse pale fimbo inapoingilia, juu ya pedali. Unyevu hapo maana yake masta inavuja kwa ndani ya gari. Halafu mwenzako akanyage wakati wewe unaangalia upande wa injini. Kama masta yote inasogea pamoja na ukuta, basi bati limechoka au lina ufa, na masta kubwa italivuta zaidi. Usisahau mpira wa mafuta: uliozeeka huvimba ukikanyagwa, na wa kufungwa nyavu za chuma ni wa gharama ndogo kuliko masta.

Ukienda Kirinyaga Road au Gerezani, beba masta ya zamani mkononi. Nyingi zimechongwa saizi ubavuni, kama 5/8 au 11/16. Kubadilisha raba peke yake kunafaa tu kama ukuta wa ndani ni laini. Ukiwa na mikwaruzo, raba mpya italiwa ndani ya muda mfupi.

Siku ya kufunga, masta mpya ijazwe mafuta na kutolewa hewa ikiwa bado kwenye meza, kwa kuisukuma taratibu. Wanaoruka hatua hii ndio wanaokanyaga pedali nusu siku bila mafanikio. Tumia DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, usichanganye na DOT 5 ambayo ni ya silikoni, na weka ndoo ya maji karibu: mafuta ya breki yakimwagikia bodi, rangi inabanduka.

Kisha gari liendeshwe taratibu hadi lipate moto, lipoe, na fimbo ipimwe tena. Mtihani wa mizunguko 6,000 usubiri baada ya hapo.