Akijikwaa Njiani New York, Amdai Nani?

Mtu anayeanguka kwenye njia mbovu ya waenda kwa miguu jijini New York hapati fidia kwa sababu tu ameumia. Kwanza sheria hutaka ijulikane njia hiyo ilikuwa chini ya uangalizi wa nani, na kama mhusika alikuwa na taarifa ya ubovu wake. Majibu ya maswali hayo yalibadilishwa mara mbili katika muda wa robo karne.

Badiliko la kwanza lilikuja mwaka 1979, jiji likiwa limeelemewa na kesi za madai. Sheria mpya ilisema jiji haliwezi kushtakiwa kwa shimo au ufa mpaka liwe limepewa taarifa ya maandishi kuhusu kasoro ya mahali hapo hasa, kisha siku 15 zipite bila matengenezo. Pale ambapo jiji lenyewe ndilo lililosababisha hatari, kwa mfano wafanyakazi wake walipochimba na kufukia ovyo, sharti hilo halitumiki.

Kwa kuwa ni nadra mwananchi kuiandikia serikali kuhusu ufa aliouona njiani, mawakili wa kesi za majeraha waliunda mwaka 1982 shirika lililojulikana kwa kifupi kama Big Apple. Watu wake walizunguka mitaani wakikagua njia, wakachora kila kasoro kwenye ramani kwa alama maalumu: shimo na alama yake, bamba lililoinuka na yake. Ramani hizo ziliwasilishwa kwa idara ya uchukuzi ya jiji, na mahakama zikazikubali kuwa taarifa ya maandishi. Hata hivyo, mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa, iliyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, ilisisitiza kwamba alama iliyochorwa lazima ilingane na kasoro iliyomwangusha mdai. Ramani inayoonyesha bamba lililoinuka haimsaidii aliyeangushwa na kitu kingine.

Badiliko la pili lilianza kutumika tarehe 14 Septemba 2003. Kabla ya hapo, mwenye nyumba aliweza kuamriwa na jiji atengeneze njia iliyo mbele ya nyumba yake, lakini aliyeumia hapo kwa kawaida alilidai jiji. Tangu siku hiyo, dhima ilihamia kwa mwenye jengo linalopakana na njia. Waliosamehewa ni wenye nyumba za makazi tu, za familia moja hadi tatu, ambao wenyewe wanaishi humo. Mbele ya nyumba hizo anayedaiwa bado ni jiji. Mahakama imeamua pia kwamba kishimo kilichopandwa mti si sehemu ya njia, hivyo hakimhusu mwenye jengo.

Si kila kasoro inayotosha kufungua kesi. Kanuni za jiji huhesabu kuwa hatari tofauti ya kimo ya nusu inchi, yaani takriban milimita 13, kati ya bamba na bamba. Mahakama, kwa upande wake, haijaweka kipimo cha lazima. Mwaka 2015 ilieleza kwamba ukubwa wa kasoro upimwe pamoja na mazingira yake: mwanga, msongamano wa watu, ukali wa kingo na nafasi ya kupita.

Muda nao hutofautiana kulingana na mdaiwa. Anayelidai jiji lazima awasilishe hati ya madai ndani ya siku 90 tangu ajali, kisha afungue kesi kabla ya mwaka mmoja na siku 90 kupita. Anayemdai mwenye jengo binafsi ana miaka 3. Katika hali zote mbili, mdai akionekana naye alizembea, haki yake haifutwi. Fidia hupunguzwa kwa kiasi cha uzembe wake.