Mtoto Ameleta Mbwa Nyumbani: Tufanye Nini?

Punguza moto wa jiko, vuta kiti, tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo tunazungumza juu ya mgeni asiyebisha hodi. Mtoto wako anatoka shuleni, anapita karibu na jaa la taka, anasikia kilio. Ni mtoto wa mbwa aliyetupwa ndani ya katoni, au paka mdogo aliyelowa mvua. Mtoto anamficha ndani ya sweta na kuja naye nyumbani. Hapa Pumwani jambo hili si geni. Kuanzia Majengo hadi California, kuanzia Gikomba hadi Shauri Moyo, mbwa na paka wasio na mwenyewe ni wengi. Wanafuata mabaki ya samaki wa Gikomba, mifupa ya soko la nyama la Burma na takataka za nyumba zetu wenyewe.

Hatukuja kukuambia umfukuze mnyama huyo. Paka hupunguza panya wanaotutoboa magunia. Mbwa hubweka mwizi anapopita usiku. Na mtoto anayejifunza kumhurumia kiumbe asiyeweza kusema, hujifunza pia kumhurumia mwenzake. Lakini mnyama wa kuokotwa huja na historia tusiyoijua. Hatujui mama yake aliumwa na nani, wala alikula nini jana. Kwa hiyo tumpokee kwa huruma, na pia kwa akili.

Kidonda anachoficha mtoto

Hebu tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 8 ameokota mtoto wa mbwa. Mama yake anamwambia, "Siku huyo mbwa atakapokuuma, namtupa mtoni!" Siku ya nne, wakicheza uani, jino la mbwa linamkwaruza kidole. Inatoka damu tone moja tu. Mvulana anakumbuka maneno ya mama. Anafuta kidole kwa kaptula, ananyamaza.

Je, mama huyu ni mbaya? La, hasha. Alitaka kumkinga mtoto wake. Lakini neno lake limemfunga mtoto mdomo, na katika ugonjwa huu kunyamaza ndiko kunakoua.

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa. Hauko mbali nasi. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, hata kabla Pumwani haijajengwa. Unaletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mnyama anapolamba kidonda, jicho au mdomo. Kisha husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu, na wakati mwingine zaidi. Wakati huo wote mtoto anacheza, anakula, anaenda shule. Kidonda kimepona, watu wamesahau.

Lakini dalili zikianza, yaani homa, kuwashwa au ganzi mahali alipoumwa, kushtuka na kushindwa kumeza maji, hapo hakuna tena dawa ya kumponya. Karibu kila anayefikia hatua hiyo hufariki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wasiofika miaka 15.

Sasa sikia habari njema, mama. Kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili kuna nafasi. Ukiitumia nafasi hiyo vizuri, mtoto hufa kwa kichaa kwa nadra sana. Lakini utaitumia vipi kama hujui ameumwa?

Kwa hiyo jambo la kwanza halinunuliwi dukani. Mwite mtoto leo, umwambie hivi: "Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa au paka, hata kidogo, hata kama ni wako, njoo uniambie mara moja. Sitakuchapa. Wala sitamtupa mnyama wako." Kisha itimize ahadi hiyo.

Akiumwa, fanya haya

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Ni kama nyimbo nne za redio. Sabuni na maji huondoa virusi vingi kabla havijashika njia. Na mfereji ukiwa mkavu, kama tunavyoujua mfereji wetu, usingoje siku ya maji. Chukua mtungi, mtu mmoja amimine polepole kwa kikombe na mwingine aoshe. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha.

Pili, usipake pilipili, chumvi, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya mitishamba. Vitu hivi huchoma nyama na havizuii kichaa. Ukiwa na spiriti au iodini, paka hiyo.

Tatu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hospitali yetu ya Pumwani iliyoanzishwa mwaka 1926 ni ya uzazi, kwa hiyo kwa jeraha hili nenda zahanati au hospitali inayotibu watu wote. Mwambie mhudumu waziwazi, "Mtoto ameumwa na mbwa, nataka achunguzwe kama anahitaji chanjo ya kichaa." Kama chanjo haipo hapo, uliza ipo wapi, na uende. Usirudi nyumbani kungoja.

Kuna mama watakaosema, "Ni sindano 21 za tumbo, mtoto wangu hataziweza." Hizo ni habari za zamani. Chanjo ya siku hizi huchomwa mkononi karibu na bega, au kwenye paja kwa mtoto mdogo. Ni sindano chache: ya siku ya kwanza, kisha nyingine kwa tarehe utakazoandikiwa. Jambo kubwa ni kumaliza. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimefunga. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa kichwani na usoni, daktari anaweza kuongeza dawa nyingine kando ya kidonda chenyewe.

Nne, kama mbwa au paka huyo ni wenu, msimuue. Mfungieni mahali salama, apewe chakula na maji, na aangaliwe kwa siku 10. Akiwa na kichaa, kwa kawaida atadhoofika na kufa katika siku hizo. Akibaki mzima, mwambie mhudumu wa afya, naye ndiye atakayeamua kama sindano zilizobaki zisimamishwe. Lakini usingoje siku 10 ndipo umpeleke mtoto. Sindano kwanza, kuangalia mbwa baadaye.

Mama, wewe si wa kwanza kufunga safari hii. Mwezi Julai mwaka 1885, huko Alsace, mvulana wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mama yake alimchukua hadi Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur, wakafika siku mbili tu baada ya kuumwa. Chanjo ilikuwa haijathibitishwa kwa binadamu. Mvulana alichomwa, akapona, akakua mtu mzima. Mama huyo hakuwa daktari. Alichofanya ni kutochelewa.

Kumkaribisha mnyama nyumbani

Sasa turudi kwa mgeni wetu. Kabla hajawa wa nyumbani, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usidhani kwamba mdogo hana kichaa; hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa nacho, na paka vilevile. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari, mara nyingi kila mwaka. Tunza kadi yake kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto.

Usikose kusikiliza matangazo kila mwezi wa Septemba. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi kampeni za chanjo hufanywa karibu na tarehe hiyo. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuwapa mbwa sumu mtaani hakumalizi kichaa, na sumu hiyo yaweza kuokotwa na mtoto.

Kama mnyama amekushinda, usimrudishe jaani. Shirika la KSPCA, lililoko Karen kwenye barabara ya Lang'ata, hupokea wanyama waliotupwa, huwatibu na huwatafutia nyumba. Uliza pia juu ya kumfunga uzazi. Paka mmoja jike asiyefungwa uzazi atakujazia ua mzima.

Minyoo, choa na viroboto

Watoto wa mbwa na wa paka wengi wana minyoo waliyoipata kwa mama zao. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukaa mchangani, na mtoto anayetambaa uani huyala kwa vidole vyake. Mpe mnyama dawa ya minyoo kama utakavyoelekezwa. Zoa kinyesi kila siku. Watoto waoshe mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye na kabla ya kula. Usimpe mbwa mapupu wala maini mabichi kutoka kwa mchinjaji, yachemshe vizuri. Kuna minyoo ambayo mbwa huipata kwa njia hiyo, nayo humletea binadamu mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wanaujua sana ugonjwa huo.

Ukiona duara lenye magamba juu ya ngozi ya mtoto, huenda ni choa alichoambukizwa na paka. Si aibu na si uchafu. Kuna dawa ya kupaka. Mtibu mtoto na paka pamoja, la sivyo utarudi hospitali mwezi ujao. Kwa viroboto, anika malazi juani na ufagie chini ya kitanda.

Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Majengo, paka hulala hata mkekani, lakini mbwa hukaa nje, na mahali penye mate yake huoshwa kwa makini. Hata kama si desturi yako, ni vizuri mbwa asilambe vyombo wala uso wa mtoto.

Na wewe mama mjamzito

Wengi huambiwa, "Una mimba, tupa paka." Si lazima. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa uitwao toksoplazimosisi, unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi nje ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo mtu mwingine azoe kinyesi kila siku. Ikibidi uwe wewe, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha osha mikono. Pika nyama iive kabisa na uoshe sukuma vizuri, maana ugonjwa huu hupita huko pia. Mwambie mhudumu wa kliniki kwamba mna paka.

Kama mtoto wako ana pumu na hukohoa kila akicheza na paka, paka asilale chumbani, nawe zungumza na daktari. Na usimwache mtoto mchanga peke yake na mnyama, hata awe mpole namna gani. Wafundishe wakubwa wasimsumbue mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha.

Mambo ya kukumbuka

1. Mtoto asiogope kusema ameumwa.
2. Osha kwa sabuni na maji dakika 15.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote.
4. Mchanje mbwa na paka, na uwape dawa ya minyoo.
5. Zoa kinyesi kila siku. Osha mikono.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

Je, mtoto wako akiumwa leo, atakuambia? Kwa nini? Kituo cha karibu chenye chanjo ya kichaa ni kipi, na nauli ni kiasi gani? Ni mbwa wangapi katika ua wenu wamechanjwa?

Mama, jioni ya leo kabla ya kulala, angalia vidole vya mtoto wako. Muulize kwa upole. Na akikuambia jambo, mshukuru kwanza, kisha chukua sabuni. Hadi tutakapokutana tena, kwaheri.